Kukaza Gurudumu la Meno juu ya Mhimili

Katika vijiji vingi ziko mashine za kusaga nafaka na za kukamua miwa, na nyingine katika hizo huendeshwa kwa magurudumu ya meno ya chuma cha pua. Gurudumu likilegea juu ya mhimili wake, kazi husimama, na watu hurudi kwao na mahindi yasiyosagwa. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kulikaza.

Njia ya kwanza ni skrubu ipitayo kitovuni mwa gurudumu na kuubana mhimili. Ni rahisi, lakini yafaa kazi nyepesi tu. Mtetemo ukizidi, ncha yake huteleza na kuuchuna mhimili.

Njia ya pili, nayo ndiyo ya desturi, ni kabari. Hukatwa mfuo katika mhimili, na mwingine katika tundu la gurudumu, kisha kabari hutiwa katikati yake. Upana wake huwa kama robo ya unene wa mhimili: mhimili wa inchi 2 hutaka kabari ya nusu inchi. Kabari iliyo sawa urefu wote hubana mbavuni, na juu huachwa nafasi ndogo. Kabari iliyochongoka hubana juu na chini. Unene wake hupungua inchi 1 katika inchi 100 za urefu, nayo hugongwa kwa nyundo. Kabla ya kuikaza, ipakeni mafuta yenye masizi katika mfuo, itieni kabari, kisha itoeni. Palipopata weusi ndipo palipogusa; pigeni tupa hapo kidogo kidogo, hata iguse kote.

Njia ya tatu ni moto. Tundu hufanywa dogo kidogo kuliko mhimili, gurudumu likapashwa moto, likatanuka, likavikwa. Nalo lipoapo huukumbatia mhimili. Tundu la inchi 2 likiongezwa joto la digrii 150 za Sentigredi hutanuka zaidi ya sehemu 3 katika elfu za inchi. Joto lisizidi mno, maana meno yaliyotiwa ugumu hulainika.

Jambo moja tunalisisitiza. Kichwa cha kabari kikitokeza huweza kunasa kanzu au kanga na kumvuta mtu mashineni. Kikatwe, au kifunikwe kwa kifuniko imara. Wala mtu asiiguse kabari mashine ingali ikienda. Kabari iliyolegea isisaidiwe kwa kipande cha bati. Na ichongwe nyingine. Twawaomba wakubwa wa vijiji na walimu wawafahamishe wenye mashine maneno haya.