Mto Mkavu na Safari ya Arusi

Wasomaji wetu, somo la leo ni juu ya safari fupi za jamaa: kwenda arusini, kwenda kuwaamkia wakwe, kwenda kanisani siku ya sikukuu, au kwenda Bariadi mjini na kurudi jioni. Watu hawazihesabu hizi kuwa safari. Hawaagi majirani wala hawachukui akiba ya chakula, kwa kuwa nia yao ni kulala nyumbani. Lakini katika nchi yetu ya Simiyu siku ya furaha namna hii yaweza kuharibika kwa saa moja tu, na kiharibucho ni mto ambao asubuhi haukuwa na maji hata ya kunawa mikono.

TABIA YA MITO YETU

Mto Simiyu na Mto Duma hutoka upande wa mashariki, pande za Serengeti, na maji yake huishia katika Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Pamoja nayo viko vijito vingi visivyo na sifa kubwa. Wakati wa kiangazi mito hii huwa njia ya mchanga. Watu huchimba visima humo wapate maji, wachungaji huvusha ng'ombe, na mikokoteni hupita. Tena baada ya mavuno, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ndipo ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu zinapochezwa, na watu huvuka mchanga huo wakienda na kurudi bila kuwaza neno. Hivyo miguu hujifunza ya kuwa mto ni njia.

Lakini sikukuu ya Krismasi huja mwisho wa Desemba, nayo Pasaka huja Machi au Aprili, na hiyo yote ni miezi ya mvua. Siku hizo watu hutoka kwa wingi, wazee kwa watoto, wamevaa nguo mpya, nao hufuata njia zile zile walizozizoea wakati wa kiangazi. Hapo ndipo mazoea yanapomhadaa mtu.

HESABU YA MAJI

Wengi hudhani ya kuwa mto hujaa kwa mvua inyeshayo mahali wanaposimama. Sivyo. Mto hujaa kwa mvua iliyonyesha juu, mahali tusipopaona. Tufanye hesabu, na walimu wanaweza kuiandika ubaoni.

Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya kilometa moja ya mraba huwa lita 1,000,000. Basi tuseme mvua ya milimeta 20 imenyesha juu ya nchi yenye urefu wa kilometa 10 na upana wa kilometa 10, yaani kilometa 100 za mraba. Maji hayo ni lita 2,000,000,000. Tukiyapima kwa debe la lita 20, ni madebe 100,000,000. Hata tukisema nusu yake ilinywewa na ardhi, yamebaki madebe 50,000,000 yanayotafuta njia, na njia ni moja, nayo ni mto.

Tena udongo mweusi wa mbuga una tabia yake. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua za kwanza huingia humo. Lakini ukishashiba maji huvimba, nyufa hufungika, na mvua inayofuata haina pa kuingia, bali hukimbilia mtoni. Kwa sababu hii mvua ile ile ambayo mwanzo wa msimu haikuleta maji mtoni yaweza kuleta gharika baada ya majuma machache.

Sasa tutazame saa. Tuseme jamaa moja, yaani baba, mama, bibi na watoto wanne, wamevuka mchanga saa mbili asubuhi kwenda arusini. Saa nane mchana, wao wakiwa mezani chini ya jua kali, mvua kubwa inanyesha kilometa 21 juu ya kivuko. Maji yakienda mwendo wa kilometa 7 kwa saa, yatafika kivukoni saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ndiyo saa ya kurudi nyumbani. Jamaa hawa hawakuona tone la mvua, wala hawakusikia radi. Walikopita mchangani asubuhi sasa wanakuta maji mekundu yanayochukua magogo.

NGUVU YA MAJI

Maji yaendayo mbio hayapimwi kwa kina peke yake. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huwa mara nne. Ukiongezeka mara tatu, huwa mara tisa. Ndiyo sababu wafundishao kazi ya uokoaji husema ya kuwa maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani ataanguka mapema zaidi.

Wala motokaa si kinga. Motokaa ndogo yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, maji yakipanda sentimeta 20 juu ya sakafu yake ya chini, huinuliwa kwa nguvu ya kilo 1,200 hivi. Na motokaa nyingi ndogo zina uzito wa karibu kilo 1,000. Basi magurudumu huachana na ardhi, na dereva hana tena amri juu ya chombo chake. Tena chini ya maji hayo mchanga umehama, na mashimo ya visima na ya wachota mchanga hayaonekani. Anayesema, "Nakijua kivuko hiki," anakijua cha jana.

MFANO WA KWELI

Jambo hili si la kubuni. Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui, nchi ya Kenya, basi lilichukua wanakwaya na watu wengine kwenda arusini. Walifika Mto Enziu, ambao nao ni mto wa msimu, wakakuta daraja limefunikwa na maji. Watu wengi walikuwa wamesimama ukingoni. Basi likajaribu kupita, likasukumwa likaangukia mtoni, na watu wale wakalitazama likizama. Wengine waliokolewa, lakini watu zaidi ya 30 walikufa, na watoto walikuwamo. Nyumba zilizotoa waimbaji wa arusi zilipokea maiti.

KWA NINI WATU HUINGIA

Watu wanaoingia majini kwa kawaida huyaona vizuri. Wanasukumwa na mambo mengine: wenyeji wanangoja, nauli imekwisha lipwa, jua linazama, ng'ombe nyumbani hawajafungiwa, na mtu mmoja amekwisha vuka salama. Lakini aliyevuka kabla yetu alivuka maji mengine. Tena katika jamaa mara nyingi yuko mmoja aliyeogopa, labda bibi au mtoto, akanyamaza kwa heshima. Mwenye kuongoza safari yafaa amwulize huyo kwanza.

Kwa hiyo shauri la kurudi halikatwi ukingoni. Hapana budi likatwe nyumbani kabla ya kuondoka, wakati mioyo imetulia.

MASHAURI

Kwanza, wakati wa mvua waulizeni kwa simu jamaa wakaao juu ya mto, tena sikilizeni katika redio habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Pili, mwambieni mwenyeji mapema ya kuwa huenda mkalala kwake. Chukueni shuka na dawa za mgonjwa. Lawama ya kuchelewa huisha kwa kikombe cha uji, lakini aliyechukuliwa na maji harudi.

Tatu, msipumzike wala kufua katika mchanga wakati wa mvua. Mkiona wingu zito upande wa juu, au maji yakibadilika rangi na kuleta povu na vijiti, au mkisikia mvumo, pandeni ukingoni upesi.

Nne, mkikuta mto umejaa, ngojeni. Mito ya mchanga hujaa upesi, na mara nyingi hupungua kwa saa chache. Wahenga walisema, Kawia ufike.

Tano, mtu akichukuliwa, msimfuate majini. Mtupieni kamba, au dumu tupu lililofungwa kwa kamba, nanyi mkae pakavu.

Sita, wakuu wa vijiji na wisimamishe nguzo kwenye kila kivuko, na kuipaka rangi nyekundu mahali ambapo maji yakifika hapana ruhusa kupita. Siku za sikukuu na mnada awepo mtu mwenye amri ya kuwarudisha watu, awe mgeni au mkubwa.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mvua ya milimeta 30 imenyesha juu ya kilometa 50 za mraba. Ni lita ngapi?

2. Mvua imenyesha saa tisa alasiri, kilometa 12 juu ya kivuko. Maji yakienda kilometa 6 kwa saa, yatafika saa ngapi?

3. Juu ya kivuko cha kijiji chenu kuna kijiji gani, na ni nani akaaye huko mnayeweza kumwuliza habari za mvua? Jina lake liandikwe, likae mahali ambapo kila mtu nyumbani ataliona.