Sabuni, Daftari na Jirani: Maagizo kwa Mwalimu Mlezi wa Klabu ya Ujasiriamali

Nimelea klabu za ujasiriamali shuleni miaka kumi na saba. Nimeona mtoto ameungua mkono, kisanduku cha pesa kikiyeyuka, na mama muuza maandazi akifunga biashara kwa sababu yetu. Hakuna hata moja lililokuwa bahati mbaya.

FANYA: kabla ya kununua chochote

Uliza mtaa unakosa nini. Tuma wanafunzi wawili wawili, nyumba thelathini, swali moja: kitu gani mnakifuata mbali? Wanangu walitaka batiki kwa sababu inapendeza kwenye picha. Muuguzi akawaambia sabuni ya kunawia pale zahanati huisha kabla mwezi haujafika katikati. Hapo ndipo mradi ulipozaliwa: kila chupa kumi zikiuzwa, moja inakwenda zahanati.

Peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Barua, si simu. Chukua na ridhaa ya wazazi kwa maandishi.

USIFANYE: kwa jirani

Usimwue jirani kibiashara kisha ukaita huduma kwa jamii. Mwaka mmoja tuliuza andazi shilingi 100, getini mama anauza 200. Watoto walijiona mabingwa. Kuni zilikuwa za shule, mafuta ya jiko la shule, kazi ya bure. Nani asingeshinda? Wiki ya tatu mama hakuonekana. Mwanawe alikuwa kidato cha pili, dawati la mbele, darasani kwangu.

FANYA: pesa

Hesabu kila kitu. Sabuni ya maji lita 20: malighafi 18,000. Watoto waligawa kwa chupa 40 za nusu lita, wakapata 450, wakapanga kuuza 500 na kushangilia faida ya 50. Nikauliza: chupa mmeokota? Chupa 250 kila moja, 10,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, 3,000. Jumla 31,000, yaani 775 kwa chupa. Wangepoteza 275 kila wanapouza. Na hapo hatujagusa jasho lao, wala ile chupa ya zahanati ambayo lazima zile kumi ziibebe. Ukimya uliofuata ulikuwa kipindi bora kuliko vyote nilivyofundisha mwaka ule.

Mweka hazina awe mwanafunzi. Hesabu zibandikwe ukutani kila Ijumaa, zisomwe na yeyote. Wanafunzi wenyewe waamue ziada iende wapi. Si fasheni mpya hii: Nyerere aliliandika mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, kwamba shamba la shule liwe na hesabu zinazoonekana na wanafunzi washiriki kuamua matumizi. Shule nyingi zikachukua jembe, zikaacha daftari.

USIFANYE: pesa na mikono yao

Usikope kwenye kisanduku cha pesa. Hata siku moja, hata mshahara ukiwa kesho. Mkuu akiomba aazime kidogo ya chaki, jibu ni hapana, kwa adabu.

Usitoe kazi ya mradi kama adhabu. Aliyechelewa namba akikoroga sabuni leo, kesho hataigusa kwa hiari.

Usiwatoe darasani. Jumamosi ipo.

FANYA: sabuni ya kipande

Hapa sina utani. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni hii hula ngozi na hupofusha jicho. Ishike mwenyewe, wanafunzi wasimame nyuma wakiwa na glavu na miwani. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, mahali penye hewa. Tia kostiki kwenye maji ya baridi, kidogo kidogo. Kamwe usitie maji juu ya kostiki. Mwalimu mmoja alifanya hivyo, tena kwenye sufuria ya alumini, ambayo kostiki huitafuna. Ikachemka papo hapo, ikarusha. Mtoto aliyekuwa ameinama kutazama ana kovu hadi leo.

Ikimwagikia mtu, vua nguo iliyolowa na mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika ishirini au zaidi, kisha zahanati. Si limau. Si dawa ya meno.

Acha vipande vikauke wiki nne ndipo muuze. Najua mahafali ni wiki ijayo. Subirini.

USIFANYE: kufungasha na kugawa

Usitie sabuni ya maji kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Rangi ya kijani, harufu ya tufaha, chupa ya soda: mtoto wa miaka mitatu afikirie nini? Tumia chupa zake, ubandike jina, tarehe na onyo. Usichapishe alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kama hamjapewa. Hilo ni kosa la jinai, na umewafundisha watoto kughushi.

Usiwapange wagonjwa mstari wapigwe picha wameshika chupa zenu. Nilifanya hivyo mara moja. Mzee mmoja aliigeuza chupa mkononi, akaniuliza kwa upole, mwalimu, bila picha haitoi povu?