Kauli ya Kosa: Kiswahili na Usimamizi wa Makosa katika Maktaba ya Boost.Math

Makala haya yanachunguza jinsi kosa la kihesabu linavyopewa kauli katika programu ya kompyuta, na nafasi ya Kiswahili katika kauli hiyo. Mfano uliotumiwa ni Boost.Math, maktaba ya fanksheni za hisabati katika lugha ya C++.

Fanksheni hupokea namba na kurudisha jibu. Fanksheni ya gama, kwa mfano, ikipewa 5 hurudisha 24. Ikipewa -3 haina jibu. Ikipewa 200 jibu lipo, ila ni kubwa mno kuhifadhiwa katika namba ya kawaida ya biti 64. Maktaba huyatofautisha makosa hayo kwa majina.

Kwa kawaida, yote mawili hukatiza hesabu kwa taarifa ya kosa. Hata hivyo, mtayarishaji programu aweza kuteua sera nyingine kwa kila aina ya kosa. Kwanza, kosa linakiliwe kando huku hesabu ikiendelea. Pili, lipuuzwe: irudishwe alama ya "si namba" au ya ukomo, kimyakimya. Tatu, likabidhiwe fanksheni aliyoiandika yeye mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo inayomhusu mwanaisimu. Fanksheni hiyo hupokea jina la iliyokosea, ujumbe wa Kiingereza na thamani iliyozua kosa. Hivyo basi, ujumbe waweza kuandikwa upya kwa Kiswahili. Ujumbe wenyewe huwa na pengo la kujazwa namba, na hapo upatanisho wa kisarufi hudai haki yake. Sentensi "Namba -3 haikubaliki" ni salama: kitenzi huongozwa na nomino "namba", hata pengo lijazwe nini. Lakini kiolezo "Makosa ... yamepatikana" kikijazwa 1 huzaa "Makosa 1 yamepatikana", ilhali sarufi yataka "Kosa 1 limepatikana". Nomino inayohesabiwa yahitaji violezo viwili.

Aidha, lipo jukumu zito zaidi. Chochote kinachorudishwa na fanksheni ya mtayarishaji huchukuliwa kuwa jibu. Akirudisha sifuri ili programu isikwame, sifuri hiyo huingia katika hesabu zinazofuata kana kwamba ni kweli. Ujumbe fasaha haufidii jibu la kubuni.

Kwa kuhitimisha, anayetafsiri ujumbe wa kosa hana budi kujua pia kinachorudishwa baada yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.