Simu ya kukunja na mchanga wa Durban

Kabla hujatoa pesa kununua simu ya kukunja hapa Durban, muulize muuzaji: inazuia vumbi kwa kiwango gani? Wengi huuliza kamera na chaji tu. Lakini huu ni mji wa bahari, na mchanga wa South Beach hurudi nyumbani na watu, kwenye viatu, taulo na mifuko ya suruali. Chembe moja ikipenya kwenye bawaba inaweza kukisukuma kioo kwa chini hadi kikatoa donge, na baadaye doa jeusi.

Soma alama kwenye maelezo ya simu. IPX8 maana yake imepimwa kwa maji, vumbi halikupimwa. IP48 inazuia vitu vya kuanzia milimita moja, na chembe nyingi za mchanga ni ndogo kuliko hapo. IP68 ndiyo inayozuia vumbi kabisa. Simu ya kukunja ya kwanza kuipata, Pixel 10 Pro Fold, ilitoka 2025. Yenye alama mbili za mwanzo ibaki nyumbani siku ya kwenda ufukweni. Na maji ya chumvi yaepuke hata ukiwa na IP68, kwani vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi.

Faida zipo, tena kubwa. Msusi anamfungulia mteja picha za mitindo kwenye kioo kipana, kisha simu inarudi mfukoni. Ukiikunja nusu inasimama yenyewe mezani, unaongea na mama aliyeko Kigoma au Bukavu huku mikono ikimenya viazi.

Kioo hicho hukunjika kwa sababu taa zake za OLED zimepangwa juu ya plastiki. Juu kabisa pana utando mwembamba. Usiubandue hata ukiinuka pembeni, mpelekee fundi. Mwaka 2019 Samsung iliahirisha kuuza Galaxy Fold baada ya vioo kuharibika mikononi mwa waandishi waliokuwa wakiijaribu, baadhi yao wakiwa wameubandua utando huo.

Ukinunua iliyotumika, fungua picha nyeupe tupu, ongeza mwanga hadi mwisho, uangalie mkunjo kwa ubavu: mstari wa kijani au doa, iache. Weka picha ya kijivu uone kama saa na alama za betri zimeacha kivuli, maana OLED huchoka pale panapowaka muda wote. Kunja taratibu karibu na sikio. Ukisikia kukwaruza, mchanga umeshaingia.

Dai risiti. Sheria ya kulinda walaji ya Afrika Kusini, Namba 68 ya 2008, inakupa miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye hitilafu na kuchagua itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe pesa. Uharibifu uliousababisha mwenyewe haumo.

Mwisho, kabla ya kulipa, ulizia kwa fundi bei ya kioo cha ndani. Kama huimudu leo, nunua simu ya kawaida.