IHSANI NI RASILIMALI YA MFANYAJI KAZI



Wengi katika miji yetu hudhani ya kuwa ukarimu ni jambo la msikitini na la futari ya Ramadhani, na kwamba biashara ni jambo jingine lisilotaka huruma. Hilo ni kosa, na leo tutalibainisha kwa mfano wa watu walio mbali nasi, ambao kazi yao ni kama ya wavuvi wetu.

Huko Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, watu wengi huishi kwa Ziwa Victoria. Wanaume huvua; wanawake hununua, hukausha na kuuza. Dagaa, ambao wenyewe huwaita omena, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua. Na dagaa hawangoji: wasipoanikwa mapema huoza.

Katika fuo za ziwa hilo imeingia ada mbaya iitwayo jaboya: mvuvi humpa mwanamke samaki kwa sharti la kuupata mwili wake. Kwa nje yaonekana hisani, na kwa ndani ni dhuluma iliyosaidia kueneza Ukimwi. Mtu huyu hakutoa. Ameuza, tena ameuza haramu. Qurani yatufunza kuwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi. Basi itakuwaje ile inayodai heshima ya mpokeaji?

Sasa tazama kinyume chake. Katika ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie. Mwanamke akapata samaki pasipo kudhalilika, na mvuvi akapata ujira wa halali. Hapo Muhuru Bay nako, mwaka 2010 ilifunguliwa skuli ya sekondari ya wasichana, WISER, ili binti awe na njia nyingine ya maisha.

Wala sisemi kuwa ihsani ni hirizi. Mashua huchakaa, na mafuriko ya 2020 yaliwahamisha watu wa Nduru. Lakini ihsani huzaa uaminifu, na uaminifu ndio rasilimali. Mvuvi aliyewapa wanunuzi wake haki yao, usiku wa mbalamwezi utakapomkuta mikono mitupu, hakosi wa kumkopesha unga. Aliyewadhulumu atamwendea nani? Ndivyo alivyo mwenye duka anayempa muhula mdeni aliyebanwa, na fundi anayemlipa mwanagenzi wake kabla ya kuombwa: mteja hurudi, na mwanagenzi huitunza kazi ya bwana wake kama yake.

Lakini chunga nia yako. Atendaye wema huku akihesabu faida, faida ikichelewa huacha wema. Wahenga wamesema: tenda wema nenda zako. Malipo yakija ni neema. Yasipokuja, yako kwa Mola wako, na hapotezi kitu.

Maswali ya darasa letu:
1. Je, yuko mtu ambaye hisani yako kwake imekuwa minyororo?
2. Ni nani anayekudai ujira wake leo?
3. Mdeni wako aliyebanwa umempa muhula, au umemwaibisha sokoni?

Ajibu kila mmoja kwa nafsi yake, kisha aanze kesho asubuhi anapofungua duka lake.

Wabillahi tawfiki.