Mimba zinapoharibika mara kwa mara: Je, kinga ya mama ndiyo ya kulaumiwa?

Mimba ikiharibika mara moja, jamaa husema ni bahati mbaya. Ikiharibika mara ya pili na ya tatu, maneno huanza. Mke hunyoshewa kidole, wengine hutaja uchawi, na wengine husema damu ya mume na ya mke hazipatani. Kauli hii ya mwisho inakaribia jambo ambalo wanasayansi wamelichunguza kwa miaka mingi, lakini hailielezi sawasawa. Wiki hii, mpenzi msomaji, tutalitazama jambo hilo.

Kwanza tuangalie idadi. Katika kila mimba 100 zinazotambuliwa, kati ya 10 na 15 huharibika, nyingi kabla ya kutimiza majuma 12. Karibu nusu ya hizo huharibika kwa sababu ya kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli za kijusi. Kasoro hiyo hailetwi na kulima, kubeba maji wala kukasirika. Wanaopoteza mimba tatu mfululizo ni wachache, takriban mmoja katika kila 100.

Sasa tuje kwenye kinga. Mtoto hurithi nusu ya asili yake kutoka kwa baba, kwa hivyo kwa mwili wa mama yeye ni nusu mgeni. Mtu akipandikizwa figo ya mwingine, kinga ya mwili huishambulia figo hiyo asipopewa dawa. Mbona basi mama hamkatai mtoto? Swali hilo liliulizwa mwaka wa 1953 na Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1960.

Wengi hudhani kinga ya mama hulala wakati wa mimba. Sivyo. Katika miezi ya kwanza, mji wa mimba hujaa chembechembe nyeupe za kinga, na takriban saba katika kila kumi ni zile ziitwazo seli za NK. Seli za jina hilo zilizo katika damu huua seli zilizoingiliwa na virusi au saratani. Lakini zile za mji wa mimba zina kazi nyingine: husaidia kupanua mishipa ya damu ya mama ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Kondo nalo hubeba alama maalumu zinazozizuia seli hizo kulishambulia. Kuna pia seli za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Kwa hivyo chembe hizi ni wajenzi zaidi kuliko maadui.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Baadhi ya kliniki hupima seli za NK katika damu ya mkononi, kisha huuza dawa za kuzipunguza. Damu ya mkononi haituonyeshi yanayotendeka katika mji wa mimba, na dawa hizo hazijathibitishwa kuwa zinafaa. Wakati mmoja wake walidungwa chembe nyeupe za damu ya waume zao ili kinga ‘iwazoee’. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba tiba hiyo haikusaidia, na huenda ilidhuru. Mwaka wa 2002, serikali ya Marekani ilizuia isitumiwe nje ya utafiti. Kabla ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya sindano za aina hii, mwulize daktari: dawa hii imethibitishwa na nani?

Hata hivyo, kuna hitilafu moja ya kinga inayojulikana vyema na yenye tiba. Chembe za kinga hutengeneza kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, zikifanya damu igande upesi na kuzuia kondo kukua vizuri. Ugonjwa huu ulielezwa London mwaka wa 1983 na Dkt Graham Hughes. Hupatikana kwa wanawake wapatao 15 katika kila 100 wanaopoteza mimba mara kwa mara. Hupimwa kwa damu mara mbili, vipimo vikitengana kwa majuma 12. Tiba yake ni aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini. Katika utafiti wa London uliochapishwa mwaka wa 1997, waliopewa dawa zote mbili walijifungua watoto hai kwa asilimia 71, na waliopewa aspirini pekee kwa asilimia 42. Usijitibu mwenyewe: dawa hizi zinaweza kuleta kutokwa na damu.

Ukiwa umepoteza mimba mbili au zaidi, nenda hospitalini pamoja na mumeo kabla ya kushika mimba nyingine. Ombeni kupimwa kingamwili hizo, kisukari, tezi ya shingo na kaswende, na mji wa mimba upigwe picha. Mnaoishi sehemu zenye malaria, laleni ndani ya chandarua. Sigara na pombe ziachwe.

Mara nyingi vipimo vyote huwa sawa. Usivunjike moyo. Wanawake wengi ambao sababu haikupatikana hujaliwa mtoto baadaye bila dawa yoyote maalumu, hasa wakiwa na umri mdogo na wakihudumiwa kwa karibu tangu mwanzo wa mimba.

Nawe mume, usimrudishe mkeo kwao. Mtoto ni wenu wawili, na kasoro ya kromosomu huweza kutoka upande wowote. Mkeo akianza kutokwa na damu au kuumwa na tumbo akiwa na mimba, mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo.