SOMO KWA VIJANA NA WAZAZI: SIMU, MAPENZI NA RIDHAA



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini: vijana wanaopendana kwa simu wakati watu wamezuiwa kutembeleana.

Hapa Kasese tumezuiwa zaidi ya mara moja. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, ikathibitishwa Bwera, na waliokuwa karibu na wagonjwa wakafuatiliwa siku 21. Machi 2020 ikaja korona. Shule zikafungwa, na mpaka wa Mpondwe ukazuia abiria huku malori ya mizigo yakipita. Mei mwaka huo mto Nyamwamba ulifurika, na familia zilizopoteza nyumba zikaingia kambini katikati ya amri ya kukaa nyumbani. Madarasa machache yalirudi kwa muda, lakini shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Aliyeingia kipindi hicho na miaka 15 alitoka na karibu 17, na sehemu kubwa ya ujana wake ilipita kwenye simu, mara nyingi simu ya mama au ya kaka.

Ridhaa ni nini? Ni kukubali kwa hiari, ukijua unachokubali, bila kutishwa wala kununuliwa. Watu husema anayenyamaza amekubali. Kwenye simu neno hilo halifai kabisa. Msichana asipojibu, labda chaji imeisha, labda hana bando, labda baba ameshika simu, labda anaogopa. Asiyejibu hajakubali.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 16 yuko Bwera, mvulana wa miaka 19 yuko Kasese mjini, na teksi hazitembei. Kila jioni wanaandikiana. Mvulana anamtumia vocha, kisha anaomba picha yake akiwa hana nguo. Msichana anakataa. Mvulana anaandika: "Kama unanipenda, tuma. Na vocha zangu je?" Siku ya tatu picha inatumwa. Je, amekubali? Sisi tunasema hapana. Amechoka kuombwa, na amefanywa mdeni. Wiki moja baadaye picha iko kwenye simu za marafiki wa mvulana. Hata kama angeituma kwa furaha, aliitoa kwa macho ya mtu mmoja. Kuwaonyesha wengine kulihitaji ridhaa nyingine, na hiyo haikuombwa.

Sheria ya Uganda inasemaje? Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kutengeneza picha ya uchi ya mtoto, kuiweka kwenye simu au kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Anayeisambaza "kwa kucheka tu" naye yumo. Na kulala na aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai hata akisema ndiyo. Waliovuka Mpondwe juzi wanalindwa na sheria hiyo hiyo, nayo inawabana vilevile.

Wazazi, wengine wenu huvunja simu na kumpiga msichana. Anayefaidika hapo ni yule anayemtisha, kwa sababu mtoto sasa hana pa kusemea. Muulizeni kwa upole: nani anakuomba nini? Na wavulana waulizwe pia. Hao tunawasahau sana.

Ukitishwa kwamba picha yako itasambazwa, usilipe wala usitume nyingine. Usifute ujumbe wa vitisho. Hifadhi namba na tarehe, umwonyeshe mtu mzima unayemwamini. Piga 116, simu ya watoto, ni bure. Polisi wana kitengo cha kulinda mtoto na familia. Ikiwa umelazimishwa kimwili, wahi hospitali mara moja, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Usipojua Kiingereza, nenda na mtu wa kukufasiria, asiwe jamaa wa anayekutisha.